Mtandao wa mwisho wa reli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kwenye kaunta yetu ya Mwanga, Kigoma

Steshenari yetu ipo Mwanga, mjini Kigoma. Tunatoa kopi, tunapiga picha za pasipoti, tunajaza maombi ya mikopo ya wanafunzi na ya ajira, tunalipia kontroo namba. Kompyuta ni mbili, na printa moja inayotaka kubembelezwa. Mtu akikaa kwenye benchi kusubiri karatasi yake hakosi swali: bando, mnara, laini, na "hivi huu mtandao ni wa nani?" Zamani nilijibu kwa mkato ili foleni iende. Siku hizi nimeyaandika majibu, kwa sababu karibu kila swali ukilifuatilia linaishia kwa mtu aliyekaa mezani akaamua jambo: kanuni, kodi, leseni, au waya upite wapi. Na huyo aliyeamua mara nyingi hajawahi kushuka kituo cha mwisho.

Mimi ni mtu wa steshenari. Ukiwa na kesi, tafuta wakili.

Intaneti inatufikiaje huku? Mbona waya ukikatika baharini na sisi wa ziwani tunaumia?

Wengi wanadhani intaneti inatoka mnarani. Mnara ni bomba, kisima kiko mbali. Kutoka kwenye mnara data husafiri kwa mawimbi, mnara kwa mnara, au kwa nyuzi za kioo zilizofukiwa ardhini, mpaka ikutane na Mkongo wa Taifa, ile njia kuu ya nyuzi za kioo ya nchi nzima, na kushika njia ya mashariki hadi Dar es Salaam. Huko ndiko ziliko nyaya za baharini. SEACOM ilifika mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010, na 2Africa ikatua 2023.

Sasa fuatana nami. Umekaa Mwanga, unamtumia shangazi yako wa Ujiji picha ya migebuka kwa WhatsApp. Mwanga hadi Ujiji ni nauli ya daladala moja. Picha yako inakwenda Dar, zaidi ya kilomita 1,200 ukihesabu kwa reli, inazama baharini, inafika kwenye seva, yaani kompyuta za kuhifadhi na kusambaza, za watu nje ya nchi, inageuza, inarudi njia ndefu vilevile mpaka mnara wa Ujiji. Shangazi anajibu, "Bei gani?" Safari inaanza upya.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika zote mbili upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Wiki ile dada mmoja alikuja kutuma maombi ya kazi. Ukurasa ukazunguka. Akaenda kununua muhogo wa kuchoma, akala, akarudi, kiduara bado kinazunguka. "Mtandao wenu mbovu." Nikamwambia waya umekatika baharini, kule Afrika Kusini. Aliniangalia kama mtu anayepandishiwa bei ya dagaa.

Tiba inajulikana, ni ya namna mbili. Ya kwanza ni njia nyingi: waya mmoja ukikatika, mzigo upite kwingine. Ya pili ni kuviweka vitu karibu. Dar es Salaam kuna kituo cha kubadilishana data za ndani, TIX, tangu mwaka 2004: kampuni mbili za hapa nchini zinakabidhiana mzigo palepale bila kuupeleka Ulaya kwanza. Vituo vya namna hiyo vimewekwa pia Arusha, Mwanza na kwingineko. Kampuni kubwa za video nazo huweka nchini nakala za vile vinavyotazamwa sana, ndiyo maana bahari ikileta shida unaweza kukuta vichekesho vinafunguka huku fomu ya chuo imegoma. Fomu ya chuo ndiyo ingetakiwa ifunguke kwanza. Huo ni uamuzi wa sera, na hauhitaji fundi wa ajabu: huduma za umma zikae kwenye seva za ndani, na ziwe na zaidi ya njia moja ya kufikiwa.

Si tufunge madishi ya satelaiti tu, yaishe?

Satelaiti za zamani zilikaa juu kiasi cha kilomita 36,000, ukisema "haloo" unasubiri. Hizi mpya za Starlink zinazunguka kwenye kilomita 550 hivi, ndiyo maana zina kasi. Rwanda na Kenya zilianza kuzitumia mwaka 2023. Lakini dishi lililosajiliwa nchi jirani ukalivusha kwa boti usiku, bila leseni ya hapa, ni kosa, na mwenye satelaiti anaweza kulizima akiwa kwake.

Maoni yangu: kwa zahanati ya kusini mwa ziwa, kule upande wa Mahale ambako hata barabara ni shida, dishi moja linalotumiwa na zahanati, shule na ofisi ya kijiji lina maana kubwa. Kwa mtu wa Mwanga mwenye mnara juu ya kichwa chake, ni anasa.

Kwa nini bando linaisha haraka hivi?

Kwanza lete hiyo simu. Mara nyingi shida iko humohumo: programu zinajisasisha zenyewe, video zinajicheza zenyewe, picha za makundi zinajipakua zenyewe. Kuna mama alikuwa kwenye makundi ishirini na tatu, sita ya harusi ambazo zilishafungwa zamani. Tulizima kupakua picha. Wiki iliyofuata alirudi na maparachichi.

Pili, haki zako. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilitoa masharti ya vifurushi: uarifiwe matumizi yakifika asilimia 75 na yakifika 100, uweze kumhamishia mtu bando lako, na ukinunua kifurushi kilekile kabla cha kwanza hakijaisha muda, yale yaliyobaki yaendelee. Wengi wanaliacha bando lifie mfukoni kwa kutokujua hilo la mwisho. Aprili 2 mwaka huohuo, vifurushi vipya vilipotangazwa na bei zikaonekana kupanda, wananchi walipiga kelele, na bei hizo zikasitishwa siku ileile. Nalitaja kila mara kwa wale wanaoniambia kelele hazisaidii.

Tatu, kodi. Ndani ya vocha yako kuna ushuru wa bidhaa, ambao kwa miaka mingi umekuwa asilimia 17, na kuna VAT ya asilimia 18. Mnara wa porini usio na umeme wa gridi unakula dizeli, na dizeli inakuja kwa gari. Huku kwetu hata mji wenyewe ulikuwa ukiendeshwa kwa majenereta hadi juzi tu, kwa hiyo hilo hatuhitaji kufundishwa.

Bando la WhatsApp lina ubaya gani? Mbona ni rahisi?

Halina ubaya kwa anayelinunua. Ubaya wake ni wa polepole. Kampuni ikisema njia hii bure au nafuu, na njia nyingine zote bei kamili, watu wote watapita njia hiyo. Kijana wa Kasulu akitengeneza soko lake la mtandaoni la maharage, mteja wake atasema, "Mimi nina bando la WhatsApp tu." Duka la kijana limekufa kabla halijafunguliwa.

Mwaka 2014 Tanzania ilikuwa ya pili Afrika, baada ya Zambia, kuletewa mpango wa Facebook wa kufungua kurasa kadhaa bila bando, hapa ikiwa kupitia Tigo, ambayo siku hizi ni Yas. India walipopelekewa mpango huohuo, mdhibiti wao aliukataa Februari 2016: akasema bei ya data isitofautiane kwa kutegemea unafungua nini. Sisi hatujawahi kukaa tukaulizana swali hilo kwa sauti. Mimi sipendekezi tufanye kama India. Anayeweza kumudu shilingi mia tano tu kwa siku, ukimwondolea bando la WhatsApp umemwondolea simu yenyewe. Ningependa bando dogo la kila kitu liwe bei ya hilo la kitu kimoja, halafu mtu achague.

Kijijini kwetu hakuna mnara. Nani anaamua mnara uende wapi?

Kampuni huweka mnara penye watu na hela. Pasipo na hivyo kuna Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, uliotungiwa sheria mwaka 2006. Mfuko unachangiwa na kampuni za mawasiliano, kisha unatoa ruzuku kwa kampuni itakayokubali kujenga mahali pasipolipa. Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya minara 758 kwa ajili ya kata 713 nchi nzima. Kwa hiyo diwani wako akikwambia "tunasubiri kampuni," mwulize kama kata yenu imo kwenye orodha ya ruzuku. Ni swali jingine kabisa, na jibu lake lina tarehe.

Mnara ukishasimama, nenda nao taratibu. Nimefika kijiji kimoja mwambao wa kusini, mnara unaonekana tangu botini, taa nyekundu inawaka, wanakijiji wanapiga picha chini yake. Simu walizokuwa nazo ni viswaswadu. Intaneti iko hewani, hakuna wa kuinywa. Mwaka 2021 simu janja, vishikwambi na modemu vilisamehewa VAT, mwaka uliofuata msamaha ukaondolewa. Mwaka mmoja hautoshi hata kumaliza mzigo uliokuwa kwenye maghala ya Kariakoo, achilia mbali bei kushuka Nguruka. Kodi ya simu ya kwanza ya mtu maskini ningeiacha ilale miaka mitano, nihesabu, halafu ndipo niamue.

Njia nyingine ambayo watu hawaijui: kijiji kinaweza kujenga mtandao wake. Kondoa, mkoani Dodoma, kuna mtandao wa jamii uliowekwa kwa namna hiyo. Kinachokwamisha wengi ni leseni na masafa, kwani taratibu nyingi zimeandikwa zikimtazama mwekezaji mkubwa.

Na zile tozo za kutuma pesa, ziliishia wapi?

Zilianza Julai 2021, muamala mmoja ukiweza kubeba tozo hadi shilingi 10,000. Zikapunguzwa kwa asilimia 30 mwaka huohuo, na zikapunguzwa tena 2022. Jirani yangu anayenunua dagaa Kibirizi alirudi kubeba noti kwenye mfuko wa rambo ndani ya gunia. Ukimuuliza leo kuhusu uchumi wa kidijitali atakuonyesha hilo gunia.

Serikali inaruhusiwa kuzima mtandao?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, nami nalijibu kwa sauti ya kawaida.

Lililotokea linajulikana. Wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2020 baadhi ya mitandao ya kijamii ilibanwa. Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa nchini, serikali ikieleza sababu kuwa ni picha za ngono. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikakaa siku kadhaa kabla ya kurudi.

Nilipofungua kaunta baada ya hapo, daftari lilikuwa na kazi kumi na moja zilizolala. Mbili zilikuwa na tarehe ya mwisho ambayo tayari ilikuwa imepita. Mzee mmoja alikuwa anasubiri pesa ya dawa kutoka kwa mwanawe wa Oman kupitia programu ya simu. Hakuwa na habari na siasa yoyote.

Kwenye sheria, nchi zinatofautiana. Januari 2019 Mahakama Kuu ya Zimbabwe ilisema waziri aliyetoa amri ya kuzima hakuwa na mamlaka hayo. Juni 2020 Mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, iliamua kuwa kuzimwa kwa intaneti Togo mwaka 2017 kulivunja haki. Machi 2024 Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilipitisha azimio namba 580, likizitaka nchi zisizime mtandao wakati wa uchaguzi. Azimio halina polisi, lakini lipo, na nchi yetu ni mwanachama wa Umoja wa Afrika.

Mimi naona hivi. Hata anayeamini kwamba kuna siku serikali italazimika kufunga njia fulani, akubali walau masharti ya mwenye bucha anapofungiwa: amri iwe ya maandishi, iwe na jina na sheria anayoitumia aliyeisaini, iwe na saa ya kuisha, na iweze kupelekwa mahakamani. Bucha ikifungwa huwa inabandikwa karatasi mlangoni. Intaneti ya nchi nzima ikifungwa, mlangoni hakuna karatasi.

Kutumia VPN ni kosa?

VPN ni programu inayopitisha mtandao wako kwenye njia ya kificho, kupitia seva ya mtu mwingine. Oktoba 2023 TCRA ilitoa tangazo: wanaoitumia wajisajili kabla ya tarehe 30 ya mwezi ule. Benki na mashirika yanaitumia kila siku kulinda taarifa zao. Ukiniuliza mimi nikufungie VPN ya bure uliyoiona mahali, nitakataa, na sababu haina uhusiano na sheria: mwenye VPN ya bure anaona unakopita, na umeme wa seva zake analipiwa na mtu.

Laini yangu imesajiliwa kwa jina la shemeji. Kuna shida?

Ipo, na Kigoma ina ya kwake. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza 2019, na Januari 20 mwaka 2020 ndiyo ilikuwa siku ya mwisho, laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Ili usajili ulihitaji namba ya kitambulisho cha taifa. Kwa mtu wa Morogoro lilikuwa suala la foleni. Kwa sisi wa mpakani likawa suala la ukoo: babu alizaliwa wapi, kwa nini jina lako linafanana na la watu wa ng'ambo, nani anakufahamu. Watu waliozaliwa Buhigwe na kuzika wazazi wao Buhigwe wakakaa bila namba muda mrefu, basi wakaazima vidole vya shemeji.

Shida ya kuazima vidole: pesa iliyo kwenye laini ni ya shemeji kisheria. Akifa, nayo inaingia kwenye mirathi. Ukitapeliwa ni yeye aliyetapeliwa, na laini ikitumika vibaya ni yeye anayeitwa polisi. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, kuna watu wamekuta wageni.

Sera ya kesho inataka kila kitu kipite kwenye namba moja: afya, shule, ruzuku ya mbolea. Nzuri. Ila kila mlango unaoongezwa nyuma ya namba hiyo unamfungia nje yule ambaye bado anaulizwa babu yake. Kabla ya kuongeza mlango, wahesabu kwanza waliobaki barazani, na wakimbizi waliopo mkoani kwetu wamo kwenye hesabu hiyo.

Mkishanitolea kopi ya kitambulisho, ile picha inabaki wapi?

Hili ndilo swali ambalo nilitamani lisiulizwe. Liliulizwa na binti wa kidato cha sita.

Nilimgeuzia kioo cha kompyuta nikafungua folda ya vitu vilivyopakuliwa, nikiwa na uhakika kwamba ni safi. Ilikuwa na mafaili zaidi ya elfu tatu. Vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho, vyeti vya ndoa, barua ya daktari, picha za pasipoti za watu ambao wengine nawajua wameshafariki. Kompyuta ile hukaliwa na mteja yeyote mwenye shilingi mia tano. Na chini ya kaunta kulikuwa na daftari la kaunta kwaya lenye jalada la bluu, tumeandika humo barua pepe na nywila za wateja, kwa sababu tunawafungulia sisi na wao wanatuambia, "Nitunzie, nitasahau." Hakuna aliyetulazimisha. Hakuna aliyetuibia pia, kwa bahati tu.

Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na kuna Tume yake. Inasema anayekusanya au kuchakata taarifa za watu ajisajili, akusanye kwa sababu inayojulikana, azilinde. Inakupa wewe haki ya kujua anazo zipi, kuzirekebisha, kukataa kuletewa matangazo kwazo, na kudai fidia ukidhurika. Wengi wanadhani sheria hiyo ni ya benki na kampuni za simu. Steshenari ya kompyuta mbili nayo imo.

Tulichokifanya: kila kazi ikiisha faili linafutwa mteja akiwa anatazama, na pipa la taka la kompyuta linamwagwa. Daftari la bluu tulilichana kurasa, kila mwenye ukurasa wake tukampa alipokuja. Zilizobaki baada ya miezi mitatu tulizichoma. Wateja wawili walikasirika sana, wakasema tumewapotezea barua pepe zao. Walikuwa na haki ya kukasirika.

Kinachonishangaza ni kanuni za maudhui ya mtandaoni, zile za 2018, zilizotaka mwenye chumba cha intaneti afunge kamera za kurekodi kinachofanyika humo. Yaani tulitakiwa kuchunga wateja kabla hatujatakiwa kuwatunzia siri. Mpangilio wa hizo tarehe unaeleza tulikotoka.

Nataka kufungua chaneli ya habari za Kigoma. Nianzie wapi?

Anzia kwenye leseni, maana kanuni zimebadilika mara kadhaa: 2018, 2020, 2022. Soma ya sasa, usimsikilize aliyesoma ya zamani. Zile za kwanza zilidai shilingi 100,000 ya maombi na 1,000,000 ya leseni, na nyingine 1,000,000 kila mwaka, na blogu nyingi ndogo zilizima taa. Pia soma kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kuhusu taarifa za uongo: faini isiyopungua milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Uongo wa makusudi una madhara, tumeona watu wakipigwa kwa uvumi. Ila kijana anayeripoti bei ya mawese na ajali ya boti anahitaji kanuni inayotofautisha kosa la haraka na hila.

Nimetumiwa "ile pesa itume kwenye namba hii". Nifanye nini?

Usitume. Ripoti namba hiyo kwa ujumbe kwenda 15040. Na siku hizi wanaweza kuiga hata sauti ya mwanao, kwa hiyo mwulize kitu ambacho ni ninyi wawili tu mnakijua.

Mwanangu anafanyiwa kazi za shule na akili mnemba. Kuna sheria yake?

Hiyo ni kazi ya mwalimu na wewe. Upande wangu nina ombi moja dogo. Kiswahili cha mashine hizo kimekuwa kizuri, Kiha chake bado ni vichekesho, na sababu ni kwamba hujifunza kwenye maandishi yaliyopo mtandaoni. Sasa angalia matangazo mengi ya ofisi zetu: karatasi imechapwa, ikapigwa muhuri, ikapigwa picha ikiwa imeinama, ndipo ikawekwa mtandaoni. Mashine inapata shida kuisoma, simu ya kipofu haiwezi kumsomea, na ukitafuta neno lililomo hulipati. Waziri akiagiza kesho kwamba kila tangazo la umma liwekwe kama maandishi, kwa Kiswahili, haigharimu hata mnara mmoja.

Hivi mwenye intaneti ni nani?

Hakuna mmoja. Nyaya zina wenyewe, minara ina wenyewe, seva zina wenyewe. Majina na namba zinazofanya kompyuta zijuane zinaratibiwa na ICANN, taasisi ambayo mpaka Oktoba 1, 2016 ilikuwa ikisimamiwa kwa mkataba na serikali ya Marekani. Tangu hapo inasimamiwa na mchanganyiko wa serikali, kampuni, mafundi na watumiaji. Kwa Afrika namba hutolewa na AFRINIC, iliyoko Mauritius. Umoja wa Mataifa una jukwaa la kila mwaka la kuzungumzia haya tangu 2006, na mwaka 2022 lilifanyika Addis Ababa. Tanzania nayo huwa na lake. Sijawahi kusikia lolote kati ya hayo limekaa Kigoma.

Kigoma itabaki mwisho wa mtandao kama tulivyo mwisho wa reli?

Reli ilifika hapa mwaka 1914. Wanaotuita mwisho wa reli wanasahau kwamba aliyeijenga hakuwa na haja na mwisho, alilitaka ziwa. Mzigo unashuka treni, unapanda meli, unakwenda Bujumbura, Kalemie, Uvira. Kwa watu wa ng'ambo sisi ni mlango wa kuingilia.

Mtandao una ramani hiyohiyo. Burundi haina bahari. Mashariki ya Kongo iko mbali mno na Atlantiki kuliko na Dar. Mkongo wa Taifa tayari unaunganisha majirani zetu kadhaa, na serikali imetangaza mpango wa kulaza waya chini ya Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma hadi Kalemie. Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kwa hiyo data nyingi za watu zitapita chini ya miguu yetu.

Zitapita tu, au zitasimama? Hapo ndipo ninapokomaa. Treni ikipita Uvinza bila kusimama, muuza chumvi wa Uvinza anaishia kupungiwa mkono. Waya ukipita hapa bila kituo cha kubadilishana data Kigoma, mfanyabiashara wa Mwanga anayeongea na mteja wake wa Kalemie, wanaotazamana ng'ambo na ng'ambo ya maji, wataendelea kuongea kupitia Ulaya. Ningeomba vitu hivi viandikwe kwenye mikataba kabla waya haujalowa: kituo hapa hapa, bei ya jumla ya mkongo iwekwe wazi ili hata kampuni ndogo ya Kasulu iweze kununua kipande, na njia ya pili ya kupandia kaskazini kwa Kibondo na Nyakanazi, ili Tabora wakiwa na tatizo tusilale nalo sisi.

Na simu. Kenya, Rwanda na Uganda zilianza mwaka 2014 kuondoleana gharama za ziada za kupigiana simu mpakani. Mfanyabiashara wa Manyovu mpaka leo anatembea na laini mbili na kijiti cha kutolea laini kwenye pochi. Ukipita pale, simu inakukaribisha Burundi kabla hujafunga mlango wa gari.

Maoni yangu niyapeleke wapi ili yasiishie kwenye benchi lenu?

Lalamiko la bando au mtandao anza na kampuni yako, chukua namba ya lalamiko, usikubali kuondoka bila namba. Wasipotatua, TCRA. Lipo pia Baraza la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo kazi yake ni kukusemea wewe. Kanuni mpya zikiwa zinatungwa hutolewa tangazo la kuomba maoni, kwa muda mfupi, mara nyingi kwa Kiingereza. Tukiliona tunalichapa na kulibandika ukutani kando ya bei za kopi, na jioni tunalisoma kwa Kiswahili na waliopo. La mwisho tulikuwa sita, mmoja alikuwa amejikinga mvua. Yule wa mvua ndiye aliyetoa maoni marefu kuliko wote, na tuliyatuma.

Mnafungua saa ngapi?

Saa mbili asubuhi hadi saa moja jioni. Jumapili baada ya ibada. Umeme ukikatika, sola inachaji simu na kuwasha kompyuta moja, printa haiwezi. Mtandao ukikatika njoo tu, kopi zinatoka.